Mtoto Ajifunzapo Kusema: Somo kwa Akina Baba

Ndugu zetu wa darasa watakumbuka ya kuwa katika masomo yaliyotangulia tulizungumza juu ya haki za mtoto kwa wazazi wake: jina jema, akika, malezi na elimu. Baada ya somo hilo vijana waliooa karibuni walitujia wakasema: "Hayo tumeyafahamu. Lakini baba afanye nini na mtoto ambaye hajafika umri wa kupelekwa chuoni? Mtoto wa mwaka mmoja asomeshwe nini?" Swali hili ni zuri, na jawabu yake tulikuwa nayo karibu kuliko walivyodhani. Sisi wenyewe tulikosea katika jambo hilo hilo, na kosa letu ndilo tutakalolifanya somo la leo.

Sisi ni watu wa mwambao, na riziki ndiyo iliyotupandisha bara mpaka Kitale, mji ulioko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako mtu wa Mombasa hulala na blanketi mbili mwaka mzima. Huko tulioa. Mamake mwanetu ni mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa Bungoma, Mbukusu kwa kabila, Mwislamu kwa dini. Mwenye kustaajabu kwamba dini imefika huko na akumbuke ya kuwa wafanya biashara wa pwani walifika Mumias tangu karne ya 19, wakaacha nyuma yao misikiti na Kiswahili. Kazi yetu i Kitale na kazi yake i Bungoma. Kwa hivyo siku za shule mtoto na mamake hukaa Bungoma kwa bibi, na Ijumaa jioni hupanda gari wakapita Webuye, Kamukuywa na Kiminini, wakatufikia kabla ya isha. Baba aliye katika hali kama hiyo humwona mwanawe siku 2 katika 7. Na wako miongoni mwa wasomaji wetu, walioacha jamaa zao Lamu au Malindi wakatafuta kazi Nairobi au Ghuba, wasioona hata hizo.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa baba wiki 2 za likizo pamoja na mshahara wake anapozaliwa mtoto. Tulizichukua, lakini tukisema kweli tulizitumia kupokea wageni, kununua mbuzi wa akika na kukaa barazani tukipongezwa. Mtoto tulimbeba mara chache, na kila alipolia tulimrudisha kwa wanawake. Tulidhani, kama wengi wanavyodhani hata leo, kwamba mtoto mchanga ni mfano wa chakula kilichoinjikwa jikoni: mwanamume hana haja nacho mpaka kiive. Fikira hiyo haina asili katika dini wala katika akili, lakini ndiyo tuliyolelewa nayo.

Jambo la kwanza lililotushughulisha lilikuwa kutembea. Mwana wa jirani yetu wa Kitale alisimama dede akiwa na miezi 9, akaenda akiwa na miezi 10. Wetu alitimiza mwaka angali akitambaa. Kila Ijumaa tulipompokea garini tulimtazama miguu kabla ya kumtazama uso. Tulikaribia hata kununua kile kigari cha magurudumu anachotiwa mtoto ili aende mbio kabla ya wakati wake, chombo ambacho serikali ya Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004 kwa sababu ya watoto walioumia kwa kuanguka nacho ngazini.

Wasiwasi huo haukuwa na msingi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa vipimo vya makuzi ya watoto, vilivyotokana na watoto 8,440 wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Na wasomaji wetu wenye jamaa Muscat watafurahi kujua kwamba watoto wa mji huo wamo katika ile mistari iliyochorwa kwenye kijitabu cha kliniki. Ilionekana katika utafiti huo kwamba mtoto mzima huweza kwenda peke yake wakati wowote baina ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Wengine, kiasi cha 4 katika kila 100, hawakutambaa kwa magoti kabisa. Ni kweli kwamba mafundisho huleta tofauti kidogo. Mtaalamu wa Kimarekani, Charles Super, aliyekaa na Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet, aliandika mwaka 1976 ya kuwa wazazi wa huko waliwafundisha watoto kwa makusudi, hata wakachimba kishimo wakamketisha mtoto ndani ajizoeze kukaa. Watoto hao walikaa na kwenda kiasi cha mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani; lakini katika kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwatangulia. Faida ya mwezi mmoja si kitu cha kumnyima baba usingizi. Mwanetu alikwenda akiwa na miezi 14, siku ya Jumanne, sisi tukiwa kazini Kitale. Tulipewa habari kwa simu.

Alipofika mwaka mmoja na nusu ndipo lilipokuja jambo zito zaidi. Tulikuwa na daftari tuliloliandika kila neno alilolisema, na katika muda huo wote lilikuwa na maneno 7 tu: mama, ziwa, paka, mpira, twende, kuku na mechi. "Kuku" tulilifurahia sana, kwani alikuwa akilisema kila Jumapili mamake alipofunga mizigo ya kurudi Bungoma, nasi tukafahamu kwamba anawakumbuka kuku wa bibi yake. "Mechi" alilisema Jumamosi tulipokuwa tukitazama kandanda, akinyoosha mkono kwenye meza yenye televisheni, nasi tukasema: huyu hakika ni mwana wa babake. Kulikuwa na sauti nyingine, "papa", aliyokuwa akiikariri kila alipotuona. Hiyo hatukuiandika. Tuliona kwamba si neno, na kama ni neno basi ni jina la samaki, naye mtoto hajapata kuiona bahari. Tulimsahihisha kila mara: "Sema baba." Naye akacheka akasema papa.

Jamaa zetu wa Mombasa walipokuja kututembelea walimsikiliza siku 3 wakahukumu kwamba mtoto ameshikwa ulimi. Mmoja alitaka apewe kombe. Wa pili alitaka avishwe hirizi. Wa tatu alisema kipo kikano chini ya ulimi kinachopasa kukatwa, na yupo mzee anayekikata kwa wembe. Ndugu wasomaji wanajua rai ya darasa hili juu ya mambo haya, nasi hatutairudia kwa urefu: ulimi haufunguliwi na karatasi iliyoshonwa ndani ya ngozi, na wembe wa mzee asiye tabibu huleta jeraha, labda na pepopunda. Hayo tuliyakataa bila ya taabu. Lakini wa nne alikuwa mtu aliyesoma, naye alisema neno lililotuingia moyoni: "Mtoto huyu amechanganyikiwa. Huku Kiswahili, huku Kibukusu, shuleni kwa mamake Kiingereza. Mwondoeni Bungoma, akae Kitale asikie lugha moja, na Kiswahili chetu kisije kikamharibikia."

Hapo ndipo tulipokosea, na tunaandika haya ili mwingine asikosee. Ushauri wa hirizi tuliukataa kwa sababu tulijua kuwa ni ujinga. Ushauri huu tuliukubali kwa sababu ulikuwa umevaa nguo za elimu, na kwa sababu uliipendeza nafsi yetu. Tuseme wazi: watu wa pwani tuna kiburi cha lugha. Tumezoea kuzihesabu lugha za bara kuwa kelele, na Kiswahili cha Kitale na Bungoma kuwa Kiswahili kilichovunjika. Basi tukapanga kumleta mtoto Kitale, akae mchana kutwa na msichana tuliyemwagiza kutoka kwetu pwani, na vibonzo vya Kiswahili katika televisheni vimfundishe maneno. Mamake tulipomweleza hakubisha. Alisema tu: "Mtamwambia nani bibi yake?" Akanyamaza, na usiku ule alikaa amempakata mtoto mpaka alipolala.

Jambo moja tulilofanya sawasawa lilikuwa kumpeleka hospitali kupimwa masikio kwanza, kwani mtoto asiyesikia hawezi kusema, na maradhi ya masikio ni mengi kwa watoto wa umri huu. Masikio yalikuwa mazima. Mtumishi wa afya aliyempima, baada ya kulitazama daftari letu, aliuliza: "Haya ni ya Kiswahili. Ya Kibukusu ni mangapi?" Tukasema hatujui. Akauliza: "Mchana kutwa yuko na nani?" Tukasema na bibi yake. "Naye husema naye kwa lugha gani?" Tukanyamaza, kwani jawabu ilikuwa dhahiri. Akaturudishia daftari akasema twende tukasikilize.

Tuliomba ruhusa kazini tukashuka Bungoma siku ya Jumatano, siku ambayo hatukuwa na desturi ya kufika. Lazima tueleze hapa ya kuwa kwa mila ya Wabukusu mtu na mama wa mkewe huwekeana masafa ya heshima: hawakai karibu wala hawaongei ovyo. Kwa sababu hiyo, katika ziara zetu zote tulikuwa tukikaa sebuleni na mzee, na mtoto akiletwa kwetu kama mgeni, ameogeshwa na kuvikwa nguo nzuri, naye akituangalia kimya. Siku hiyo tulikaa sebuleni vile vile. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na nyuma ya dirisha ndiko kuliko na jiko, na huko jikoni mwanetu alikuwa akisema.

Alikuwa akisema bila ya kukoma. Bibi alimuuliza, akajibu. Bibi alinyamaza kidogo, akamngojea, akajibu tena. Mzee alituona tumetega sikio, akatufasiria huku akitabasamu. "Mechi" ni maji: Wabukusu husema *kamechi*, naye mtoto amekata kipande cha mbele. Tukaikumbuka ile meza ya Kitale. Juu yake, kando ya televisheni, hukaa jagi la maji. Mtoto alikuwa akituomba maji, nasi tukimwongezea sauti ya mpira. "Khafu" ni ng'ombe, *ekhafu*. "Suma" ni ugali, *busuma*. Na kuku kwao ni *engokho*, neno ambalo mtoto alilisema sawasawa alipowafukuza mlangoni.

Tukamuuliza mzee: "Basi 'kuku' ni nini?" Akasema: "Si kuku. Ni *kukhu*. Anamwita bibi yake." Ndugu wasomaji, sisi ni watu tunaojisifu kwa kuitamka khe ya Kiarabu, tunaowacheka wenzetu wasemao "heri" badala ya "kheri", na herufi hiyo hiyo ilipotoka katika kinywa cha mtoto wetu hatukuisikia. Kila Jumapili alipomwona mamake akifunga mizigo alifurahi kwamba anakwenda kwa bibi, na huyo bibi ndiye tuliyekuwa tukipanga kumtenga naye. Kuhusu "papa" mzee hakungojea kuulizwa. Alisema kwamba kwa Kibukusu ndiyo baba, na kwamba bibi humfundisha kila Ijumaa kabla ya safari: tunakwenda kwa papa.

Jioni ile tulifungua ukurasa mpya. Pamoja na mamake na mzee tulihesabu maneno 38, nusu yake na zaidi ya Kibukusu.

Tuliporudi Kitale tulitafuta wataalamu wanasema nini. Mwaka 1993 Barbara Pearson na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa Miami, Marekani, juu ya watoto 25 waliolelewa kwa Kiingereza na Kihispania pamoja, wakawalinganisha na watoto wa lugha moja. Ukihesabu lugha moja peke yake, watoto wa lugha mbili huonekana wako nyuma. Ukijumlisha walichonacho katika lugha zote mbili, hawapungui wenzao. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto kusema. Mwenye kuhesabu ndiye anayepunguza. Na hili si jambo geni kwetu, lau tungefikiri: mababu zetu wangapi wa Mombasa na Lamu walikulia katika nyumba zenye Kiswahili, Kiarabu, Kibajuni na Kigiriama, na ni nani kati yao aliyekuwa bubu?

Na vile vibonzo? Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9 wakawasikilizisha Kichina kwa vikao 12. Kundi moja lilikaa na mtu aliyecheza nao na kuwasomea. Kundi jingine lilipewa mtu yule yule, maneno yale yale, katika televisheni. Waliokaa na mtu walijifunza kuzitambua sauti za Kichina. Waliokaa na televisheni hawakupata kitu. Shirika la Afya Ulimwenguni nalo lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo cha televisheni au simu. Hapa tunawaomba radhi wasomaji kwa ukali, lakini tumewaona akina baba wengi, pwani na bara, wanaomtia mtoto simu mkononi ili wapate kuzungumza barazani kwa utulivu, kisha wakalalamika kwamba mtoto hasemi. Aseme na nani? Simu humsemesha lakini haimngojei. Yule bibi wa Bungoma, ambaye hajasoma kitabu hata kimoja cha mambo haya, alikuwa akiuliza, akinyamaza, akingojea. Huko kungojea ndiko mafundisho yenyewe.

Hata kule kukata kipande cha mbele cha neno kuna mpango wake. Kamil Ud Deen aliandika kitabu mwaka 2005 juu ya watoto wanaojifunza Kiswahili mjini Nairobi, akaonyesha kwamba mtoto mdogo huviacha vile viambishi vinavyotangulia kitendo: mahali pa kusema "anataka" au "nataka" husema "taka" tu, kisha hujaza viungo pole pole. Kwa hivyo mtoto asemapo "taka mechi" asichekwe wala asikemewe. Yatosha mzazi amjibu kwa ukamilifu: "Unataka maji? Haya, maji haya hapa." Mtoto huyasikia yaliyokamilika, na siku yake ikifika atayasema.

Lakini mtu asifahamu kwamba tunasema kila mtoto anyamazaye aachwe. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina lake. Mtoto wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili katika lugha yoyote, au asiyefikisha maneno kama 50 yakijumlishwa yote. Na zaidi ya hao, mtoto aliyekuwa akisema kisha akapoteza maneno yake, wa umri wowote: hawa wapelekwe hospitali, tena mapema, na baba aende mwenyewe. Asimtume mama peke yake kisha akauliza jioni, "Wamesemaje?" Sisi tulipokwenda tuliulizwa maswali 4 na tukashindwa 3.

Yule msichana wa pwani tulimwandikia asije. Vibonzo tumeviondoa. Yale tunayoyafanya siku zetu 2 si makubwa: Jumamosi asubuhi tunamwogesha sisi wenyewe, tukimtajia kila kiungo na kungojea alitaje, tunakwenda naye sokoni Kitale tukimnunulia ndizi aziombe mwenyewe kwa muuzaji, usiku tunamhadithia hadithi ya Sungura, nayo kwa sasa ina maneno 10 tu kwa sababu hupenda kuikatiza. Kiswahili chetu cha mwambao anakipata kwetu, kwani sisi ndio wa kumpa, na tukilegea hapana mwingine. Kibukusu ni cha kukhu wake, na Kiingereza kitamfika shuleni hata tusipokialika.

Sasa ana miaka 2 na miezi 3. Mwezi uliopita tulisafiri naye kutoka Kitale kwenda Bungoma, na karibu na Webuye gari lilisimama kupisha ng'ombe waliokuwa wakivuka barabara. Akatuvuta mkono akasema, "Baba, ng'ombe!" Tulipofika alitoka mbio mpaka jikoni, nasi tukamsikia kupitia lile dirisha akimpa bibi yake habari ile ile, na mara hii walikuwa *chikhafu*. Tukataka kumwonyesha kwamba na sisi tumejifunza, tukamwambia kwa sauti atuletee *kamechi*. Alitokeza kichwa mlangoni, akatutazama, akamgeukia bibi yake wakacheka wote wawili. Kisha akalitamka neno hilo tena, pole pole, silabi moja moja, akasimama akatungojea.